Mashine Aliyoitaka Saud

Jumatatu moja, baada ya chai ya asubuhi, Saud aliweka kikombe chini kwa mkono wa kushoto, akamtazama mkewe, akasema, "Nataka risasi."

Alyaa alidhani hakusikia vizuri. "Unataka nini, Baba Wasan?"

"Risasi," Saud akarudia, akilisukuma neno lile kwa upande mmoja wa mdomo. "Ninunulie."

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu kiharusi kimwangushe bafuni akiwa anatawadha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala, mguu wa kulia anauburura, na maneno yalikuwa yamempotea. Kiarabu alichokisema kazini miaka thelathini na tano, alipokuwa fundi wa simu, kilifutika karibu chote, na Kiingereza kikakifuata. Kilichobaki ni Kiswahili cha Unguja mjini, alichokisema mpaka alipokuwa na umri wa miaka kumi na mbili, wazee wake walipohamia Oman. Daktari alisema si jambo la ajabu, lugha ya kwanza huweza kuwa ya kwanza kurudi. Lakini hata Kiswahili hicho kilirudi vipande vipande, na mara nyingi neno moja lilikaa mahala pa jingine.

Kwa Alyaa huo ulikuwa mtihani. Yeye alizaliwa Maskati, akalelewa na bibi yake Mpemba, na Kiswahili alichokipata kilikuwa cha jikoni na cha kugombezwa. Miaka ishirini na sita alisomesha jiografia kwa Kiarabu katika skuli za wasichana, Sur na hapo Ibra wanakoishi. Yeye na mumewe walizungumza Kiarabu maisha yao yote, Kiswahili wakikitoa pale tu walipotaka kutaniana au kuficha maneno mbele ya watoto. Sasa watoto wameoa na kuolewa, wako Maskati, na nyumba nzima inaendeshwa kwa lugha ambayo yeye hakuwahi kuisoma.

Ila neno risasi alilijua. Na ukutani kwenye majlisi, sebule ya wageni, ilitundikwa bunduki ya baba yake Saud, iliyokuwa ikishushwa siku za Idi na harusi tu.

Alikwenda uani akampigia simu ndugu yake Luay, anayeishi Nizwa. "Njoo leo. Usiniulize kitu, njoo tu."

Luay alifika baada ya adhuhuri, mwendo wa karibu saa mbili barabarani. Alyaa alimweleza kwa kunong'ona pale mlangoni, na Luay, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa, naye akanong'ona. Waliingia majlisi wakaishusha bunduki, wakaiviringisha kwenye blanketi. Walipogeuka, Saud alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

Alilitazama blanketi lile, akautazama ukuta mtupu. Uso wake ukawa mwekundu. Alipiga fimbo chini mara tatu, akaitupa, akamshika Alyaa kifundo cha mkono na kumvuta mpaka uani, kwenye banda la bati ilikosimama pikapu yao kuukuu. Akafungua mlango, akalinyanyua zulia la mpira. Chini yake sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu. Palikuwa na tundu ambalo mtu angeweza kupitisha ngumi na kugusa mchanga.

Saud alitia kidole katika tundu. "Risasi," alisema. Kisha akatoa sauti ya nyuki, "Zzzzz."

Alyaa alikitazama kile kidole. Ndipo ikamjia sura ya bibi yake akiwa na birika linalovuja, akimwambia mtu alipeleke kwa fundi likatiwe risasi, ile ya kuzibia matundu.

"Kulehemu?" aliuliza. "Unataka kulehemu?"

"Lehemu!" Saud alipiga kelele. "Lehemu, lehemu!" Akacheka kwa nusu ya mdomo, na Alyaa akacheka naye huku machozi yakimtoka, kwa kuwa hakuwa amemsikia akicheka tangu siku ile ya bafuni.

Luay alibaki pale juani, amekumbatia blanketi. "Sasa nairudisha au naichukua?"

"Ichukue," Alyaa alisema. "Sijui. Ichukue tu kwa sasa."

Pikapu ile waliinunua mwaka aliozaliwa Wasan, binti yao mkubwa, na miaka kumi na moja walikaa nayo Sur, Saud alipohamishiwa huko. Hewa ya bahari ndiyo iliyoila. Waliporudi Ibra aliapa kwamba atakapostaafu ataitengeneza mwenyewe, bati kwa bati. Alistaafu mwezi wa Januari, na mwezi wa Machi akaanguka.

"Kesho nakuitia fundi kutoka sanaiya, kule kwenye magereji," Alyaa alimwambia usiku ule. "Saa moja tu, khalas, imekwisha."

"Hapana. Hapa. Nunua." Kisha akaonyesha kwa fimbo mlango wa mbele, penye vidato vitatu visivyo na cha kushikia, ambapo alikwisha kuanguka mara mbili. "Na hapa."

Kwa hivyo Alyaa alianza kutafuta mashine ya kulehemu, kitu ambacho hakuwahi hata kukitazama kwa karibu.

Katika duka la kwanza la vifaa hapo Ibra, muuzaji alimuuliza kwa Kiarabu kilichovunjika: chuma chembamba au kinene? Mtafanyia ndani au nje? Umeme wa nyumbani unabeba kiasi gani? Mnataka ya gesi au isiyo ya gesi? Alyaa, aliyeweza kuchora pepo zote za Bahari ya Arabu ubaoni bila kutazama kitabu, hakuwa na jawabu hata moja. Alipiga picha mashine tatu kwa simu akatoka. Katika duka la pili aliambiwa kwamba zile ndogo ni za kuchezea, achukue kubwa. Katika duka la tatu aliambiwa kwamba kubwa itakata umeme wa nyumba nzima, achukue ndogo. Wote watatu waliapa kwa Mungu.

Nyumbani alimwonyesha Saud picha. Saud aliitazama moja baada ya moja akatikisa kichwa.

"Basi ipi?" Alyaa aliuliza.

"Uzi."

"Uzi?"

"Uzi," Saud alisema, na akafanya kidole kama kitu kinachotoka polepole katika tundu.

Alyaa alikwenda dukani akanunua uzi mweusi wa kushonea, akauweka mbele yake juu ya meza. Saud aliutazama muda mrefu, kisha akautia mfukoni mwa kanzu ili asimtahayarishe.

Siku iliyofuata alisema, "Chupa hapana." Karibu na kiti chake palikuwa na katoni ya chupa za maji ya kunywa ya Tanuf, maana daktari aliamuru anywe lita mbili kwa siku. Alyaa alidhani amechoka kunywea chupa, akammiminia katika gilasi. Saud alikunywa gilasi nzima, akaiweka chini, akasema tena, "Chupa hapana."

Alyaa alitoa daftari la skuli akaanza kuyaandika maneno yake, kila neno na siku yake, labda yakikaa pamoja yatazaa maana. Aliandika: Uzi. Chupa hapana. Bati. Mkono mmoja. Na Alhamisi, alipomuuliza kwa upole kama kuna kitu kingine anachokitaka, Saud alimkazia macho akasema, "Nyuso mbili."

Kalamu ilisimama. Alyaa alijua maana ya mtu mwenye nyuso mbili: mnafiki. Aliiona tena bunduki katika blanketi, na yeye na ndugu yake wakinong'ona mlangoni kama wezi. Aliyaandika maneno yale, akaenda jikoni akafungua bomba la maji ili kilio kisisikike.

Ijumaa Luay alikuja tena, na nyuma ya gari lake palikuwa na boksi. "Zawadi," alisema. "Dada, unajisumbua bure. Hii ndiyo inayotumika Oman nzima. Ya vijiti. Unabana kijiti hapa, unagusa chuma, mambo yamekwisha."

Walipanga vitu uani. Luay alijaribu kwanza kwenye kipande cha bomba nene kilichobaki wakati wa kujenga ukuta. Cheche ziliruka, na chuma kikashika barabara. "Si nilisema?" alipiga kelele. Alyaa akafurahi, akaona mambo yamekwisha kweli.

Kisha wakasogea kwenye gari. Saud alikataa msaada. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akavaa kinyago cha kulehemia kilichokuja na mashine, akaishika koleo ya kijiti kwa mkono wa kushoto. Kijiti kiligusa bati kikaganda. Alikivuta kikang'oka. Kikaganda tena. Mara ya tatu moto uliwaka vizuri, mweupe, na kabla Alyaa hajafurahi bati likayeyuka kama siagi. Tundu lililokuwa la ngumi moja likawa la ngumi mbili. Alijaribu pembeni, akatoboa pembeni. Mwisho swichi kuu ya nyumba ikakatika na kiyoyozi kikanyamaza.

Saud alivua kinyago akakitupa.

Wasan alipopiga simu kutoka Maskati na kusikia habari ile, alikasirika. "Mama, mtu mwenye kiharusi unampa moto? Achaneni na hilo gari." Alyaa aliona binti yake ana haki. Alipokata simu alimwona Saud kupitia dirishani, amekaa mbele ya mlango wa pikapu ulio wazi, anapapasa ukingo wa tundu kwa kidole gumba, na akaona vile vile kwamba hawezi kuliacha. Hakujua kama anamsaidia mumewe au anamuumiza. Alilala na suala hilo akaamka nalo.

Jumatatu alimwomba jirani akae na Saud, akaipakia mashine ya vijiti katika gari lake dogo, akaendesha mwenyewe mpaka Nizwa kuirudisha.

Luay alimpokea penye duka kubwa alikoinunua. Muuzaji, kijana wa Kihindi mwenye Kiarabu kizuri, aliwasikiliza kwa adabu, akawapeleka kwenye mashine nyembamba yenye vioo na namba za kijani. "Hii ndiyo mwisho," alisema. "Bati jembamba, chuma cha pua, aluminiamu, vyote. Mshono wake kama wa fundi cherehani." Aliwaonyesha picha ya mshono uliolala kama magamba ya samaki. Luay alikwisha kutoa kadi ya benki. Alyaa naye alivutiwa, lakini akasema ngoja kwanza nimuulize mwenye kazi, akampigia Saud simu.

"Baba Wasan, nimepata nzuri sana. Ina namba. Nichukue?"

"Uzi?" Saud aliuliza katika simu.

"Sijui kama ina uzi! Uzi gani? Niambie, uzi gani?" Sauti yake ilikuwa imepanda bila mwenyewe kujua.

Mtu mmoja aliyekuwa akilipia miwani ya kazi pale kaunta aligeuka. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na kitu, kanzu yake ya Kiomani ina madoa ya masizi kwenye mikono. Alingoja Alyaa akate simu, kisha akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo mama. Samahani kuingilia. Naitwa Nadhir."

"Marahaba," Alyaa alijibu kwa mshangao.

Familia ya Nadhir ilirudi Oman kutoka Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Alikuwa na karakana ya kutengeneza mabomba ya moshi ya magari kule sanaiya. Alyaa alipomwambia kwamba mumewe anataka kulehemu, alikunja uso. "Kulehemu ndiyo nini?" Alipomwambia kutia risasi, alikunja uso zaidi. Ikambidi Alyaa afanye sauti ya nyuki, mbele ya muuzaji na ndugu yake, "Zzzzz."

"Ah, kuchomelea!" Nadhir alicheka. "Sisi tunasema kuchomelea, au tunasema tu weldi."

"Mimi kuchoma najua ni nyama," Alyaa alisema.

Alimpa daftari, ukurasa wa Alhamisi ameukunja. Nadhir alilisoma akiwa amesimama, na ule ucheko wake ukapungua. "Huyu mzee anajua kazi," alisema. "Uzi ni waya. Kuna mashine ambayo badala ya kijiti inatoa waya mwembamba wenyewe, unabonyeza tu kama bomba la kumwagilia. Bati la gari linataka hiyo. Na chupa ni mtungi wa gesi."

Alyaa alikaa kwenye kiti cha plastiki. Alikumbuka gilasi ya maji.

"Na hii ya namba?" Luay aliuliza, kadi bado iko mkononi.

"Hiyo ni nzuri, sikatai. Lakini mkono mmoja unashika moto na mkono wa pili unalisha waya, na wengine wanaongeza na mguu. Mzee ana mikono mingapi inayofanya kazi?"

"Mmoja," Alyaa alisema. Na Luay akairudisha kadi mfukoni.

Lakini hata hapo mambo hayakunyooka. Mashine za waya zilikuwa za namna mbili, zenye mtungi wa gesi na zisizokuwa nao. Muuzaji alisema yenye gesi ni safi zaidi, hasa kwa bati jembamba. Nadhir akakubali. "Basi kwa nini anasema chupa hapana?" Alyaa aliuliza. Nadhir alisema, "Twende karakanani, ukaone mwenyewe."

Karakana ilikuwa mtaa wa pili. Nadhir alimpa Alyaa kinyago na glavu nzito.

"Mimi nimekuja kununua," Alyaa alisema, "sikuja kujifunza."

"Mama, utanunua kitu usichokijua?"

Aliunga mtungi kwenye mashine ya waya, akamwonyesha namna ya kushika bunduki ya waya, mpini wenye kifyatuo, akamwekea vipande viwili vya bati. Alyaa alibonyeza. Ndani ya kioo cheusi aliona nukta ya mwanga na kitu kinachong'aa kikiogelea nyuma yake. Alipomaliza, mshono ulikuwa umepinda lakini ulikuwa laini. Kisha Nadhir akafungua mlango mkubwa wa karakana, upepo wa sanaiya ukaingia na vumbi lake, akamwambia arudie. Safari hii mshono ulitoka na vitundu vitundu kama mkate wa kumimina.

"Upepo umeichukua gesi," Nadhir alisema. "Gari liko wapi?"

"Uani. Chini ya bati. Hakuna ukuta." Na Ibra, kila siku baada ya alasiri, upepo wenye mchanga hupita katika ule ua. Saud alikwisha kuliona hilo akiwa amekaa kwenye kiti chake bila maneno.

Nadhir alibadilisha waya, akatia ule wenye dawa ndani yake usiohitaji mtungi. Ulitoa moshi na cheche nyingi, na mshono wake ulikuwa mbaya wa kutazama, lakini ulishika hata mlango ukiwa wazi. Alimwonya asiongeze umeme kwa pupa, bati lisiyeyuke; achome nukta moja hapa na moja kule, aziunge baadaye; akwangue rangi na zinki iliyopakwa kwenye bati kwanza, kwa sababu moshi wake unaumiza; na kabla ya yote atoe waya za betri ya gari. Alyaa aliandika yote katika daftari.

Walirudi dukani. Mashine ya waya isiyo ya mtungi ilikuwa ndogo, na muuzaji alithibitisha kwamba umeme wa nyumbani unaibeba. Nadhir alichukua kinyago kimoja rafuni. "Hiki kinatosha?"

Alyaa alisita. Kisha akafungua daftari ukurasa wa Alhamisi, akamwonyesha maneno ambayo hakumwonyesha mtu, hata Luay. "Na hili ni nini? Aliniambia mimi."

Nadhir alisoma, akataka kucheka, akamwona uso wake akaacha. Alikinyanyua kile kinyago akakiweka mbele ya uso wake mwenyewe. "Mama, na hii je? Si uso?"

Luay ndiye aliyecheka. Alyaa aligeukia rafu za misumari akajidai anachagua kitu.

"Lakini kwa nini viwili?" aliuliza alipogeuka. "Mtu ana kichwa kimoja."

"Hilo sijui," Nadhir alisema. "Labda na wewe utazame bila kuumia macho."

Alinunua viwili.

Saud alimngojea uani. Alyaa alipofungua boksi, aligusa roda iliyozungushiwa waya kwa ncha ya kidole. "Uzi," alisema.

"Waya," Alyaa alimwambia.

"Waya." Alilirudia mara kadhaa, kama mtu aliyekutana na rafiki stesheni. Halafu akachukua kinyago cha kwanza akakivaa, akachukua cha pili akamvisha mkewe. Alyaa aliinama ili amwezeshe. Alidhani anatakiwa kutazama. Lakini Saud aliichukua bunduki ya waya akamtia mkononi.

"Mimi?" Alyaa alikinyanyua kinyago. "Fundi ni wewe. Mimi mwalimu wa jiografia."

"Wewe," Saud alisema.

"Wallahi sikufahamu. Umekataa fundi, uliapa utaitengeneza mwenyewe. Mwenyewe ni wewe au mimi?"

Saud aliunyoosha mkono wake wa kushoto mbele yake, wakautazama wote wawili. Haukuwa ukitetemeka sana. Ulikuwa tu mkono ambao haukuwahi kufanya kazi hiyo. "Wewe," alisema tena.

Alyaa alijaribu kuhesabu. Kama amekata tamaa kwa sababu ya yale matundu ya Ijumaa, angefahamu. Lakini nyuso mbili aliziomba Alhamisi, kabla hajakamata kijiti. Kwa hivyo tangu mwanzo alimtaka yeye, au tangu mwanzo aliwataka wote wawili, au alitaja namba tu kama alivyotaja chupa. Hapakuwa na njia ya kujua. Saud alikwisha kugeuka, anaigonga betri kwa fimbo, kwa sababu Alyaa, pamoja na kuandika katika daftari, alikuwa amesahau kutoa waya zake.

Wiki ya kwanza walichoma mabati mabovu tu. Mishono ya Alyaa ilikuwa kama mavi ya mbuzi, yamedondoka hapa na pale. Cheche zilitoboa baibui lake, akavaa ovaroli ya zamani ya Saud, akaikunja miguu. Jirani Fakhriya alipoingia na sahani ya vitumbua aliwakuta watu wawili wasio na nyuso katika moshi, akauliza kwa woga, "Alyaa yuko wapi?" na mmoja wao akajibu, "Karibu, ndiye mimi."

Walipata lugha yao. Saud alikaa juu ya ndoo nyuma yake, mkono wa kushoto juu ya bega lake. Pigo moja, polepole. Mapigo mawili, songa. Akibana bega, acha kabisa, bati linataka kuyeyuka. Mara nyingine alibana na Alyaa hakuona sababu, akaendelea, na bati likatoboka kweli. Mara nyingine alibana, Alyaa akaacha, na ikawa alikuwa anataka tu kukohoa. Walikasirikiana. Jumanne moja Alyaa alivua glavu akaingia ndani akakaa saa nzima, na alipotoka alimkuta Saud amepanga vipande vya bati kwa mkono mmoja, kimoja kimoja, kwa ukubwa wake.

Siku ya ishirini na mbili sakafu iliziba. Alyaa alimwaga ndoo ya maji ndani ya gari kuijaribu, wakainama wote kutazama chini. Maji yalidondoka sehemu tatu. Akakausha, akachoma tena, akamwaga tena, yakadondoka sehemu moja. Mara ya nne mchanga wa chini ulibaki mkavu. Haikuwa sakafu ya kumwonyesha mtu. Ilikuwa na manundu na masizi. Saud aliipiga kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu, akasikiliza mlio wake.

"Nzuri," alisema. Kisha kwa Kiarabu, neno lile lile, la kwanza tangu Machi: "Zen."

Alyaa alikaa chini karibu na ndoo, kinyago mapajani, nywele zimelowa jasho chini ya kitambaa. Aliona hapatakuwa na wakati mwema zaidi ya huu wa kuuliza.

"Baba Wasan, niambie. Kwa nini mimi? Kwa nini hukumwacha fundi?"

Saud alifikiri. Alyaa aliona jawabu likipanda usoni pake, likifika karibu na mdomo, likizunguka kutafuta mlango. Alimngojea.

"Kesho," Saud alisema.

"Kesho utaniambia?"

Alitikisa kichwa, lakini si kwa namna ya kukataa. "Kesho," alisema tena, akamgusa kifuani kwa kidole chenye masizi, akaonyesha nyumba, gari, vile vidato vitatu vya mlangoni, kila kitu. "Kesho. Wewe."

Huenda alitaka kusema kwamba siku moja atakuwa hayupo, na yeye ajue kujitengenezea mambo yake. Huenda alitaka kusema kwamba kesho zamu ni yake tena, basi. Na huenda kesho lilikuwa limekaa mahala pa neno jingine kabisa, jema zaidi au zito zaidi. Alyaa alilichukua daftari akaliandika neno lile na tarehe yake, akaacha nafasi tupu mbele yake.

Saud alikuwa amekwisha kusimama. Alikwenda polepole mpaka mlango wa mbele, akatoa chaki mfukoni, akachora alama kwenye ukuta, kimo cha kiuno chake, mahala pa kufungia bomba la kwanza la kushikia. Alyaa alimfuata na futi ya kupimia. Aliona alama iko juu mno. Alimwambia, na Saud akakataa, wakaanza kubishana.